Kabali, mabingwa wa Abu Dhabi na dogo aliyezimia Mwazye

Nimepotea kidogo, nilikuwa nyumbani Mwazye, tulikuwa tunavuna. Kwa wasiopajua, Mwazye ni kijiji cha Kalambo, mkoa wa Rukwa, huko juu Ufipa kwenye baridi. Ndiko alikozaliwa Kardinali Polycarp Pengo mwaka 1944. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua ukitaja upande wa Sumbawanga, nusu ya wasomaji wanaanza mambo ya radi na uchawi. Jamani, tuna mahindi, ulezi na maharage pia.

Leo nataka kuongelea mieleka. Sio ile ya kwenye vibanda vya video, ya mtu kurukwa kutoka juu ya kamba halafu anainuka anacheka. Naongelea ile ya kweli ya jiu-jitsu bila koti, na mabingwa wake. Nina sababu.

Siku moja jioni vijana walikuwa kwenye uwanja wa shule wanaigiza walichoona kwenye simu ya mshikaji mmoja. Zilikuwa klipu fupi fupi, mzungu mmoja mwenye misuli anawakaba wenzake mmoja baada ya mwingine. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana miaka 14. Akaingia. Jamaa aliyemzidi umri akamzunguka kwa nyuma akampiga roba. Dogo akakaza meno. Wenzake wakawa wanapiga kelele, "Usiombe, mwanaume haombi!" Hakuomba. Baada ya muda mfupi mikono ikalegea, macho yakageuka, akaanguka kama gunia.

Mimi nilikuwa mbali kama mita hamsini, nimeshika jembe. Nilivyofika walikuwa wamemzunguka, mmoja anataka kummwagia maji, mwingine anasema apelekwe kwa mtaalamu maana hiki sio kitu cha kawaida. Dogo alizinduka mwenyewe, akauliza amefikaje pale. Mama mdogo alilia mpaka usiku. Na mimi nikajiuliza swali moja tu: hao mabingwa wa kwenye simu mbona wanakabwa kila siku na hawafi? Nilipofika Sumbawanga mjini nikakaa kwenye kompyuta siku mbili nasoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mchezo wenyewe umetoka wapi

Mzizi wake ni Japani. Mwaka 1914 Mjapani mmoja mcheza judo, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili. Huko akaifundisha familia ya Gracie, na wao wakautengeneza mchezo upya wakiweka nguvu zaidi kwenye kupigana mkiwa chini. Ndiyo ikaitwa jiu-jitsu ya Brazili. Dunia iliijua vizuri mwaka 1993, Royce Gracie, kijana mwembamba tu, alipowashinda mabonge ya watu kwenye UFC ya kwanza kule Marekani.

Aliyekuwa akizifuatilia UFC hizo za mwanzo ni kijana wa kifalme kutoka Abu Dhabi, Sheikh Tahnoon bin Zayed Al Nahyan, aliyekuwa akisoma San Diego, Marekani. Akajifunza jiu-jitsu. Aliporudi kwao akaanzisha klabu, na mwaka 1998 klabu hiyo ikaandaa mashindano makubwa Abu Dhabi. Yanaitwa ADCC, kifupi cha jina la klabu yenyewe. Wazo lake lilikuwa rahisi: waje watu wa jiu-jitsu, wa judo, wa mieleka ya Olimpiki, wa sambo ya Kirusi, wote wavue makoti tuone nani mkali. Hakuna ngumi, hakuna teke. Ni kuangusha, kubana, kukaba na kupinda viungo.

Kwa nini bila koti? Kwa sababu koti lina kola na mikono ya kushika, na anayelizoea anapata faida. Ukilivua, mtu anateleza kwa jasho kama kambare. Inabidi umshike yeye mwenyewe.

Kuanzia 1998 mpaka 2001 yalifanyika kila mwaka, hapo hapo Abu Dhabi. Kuanzia 2003 yakawa kila baada ya miaka miwili na yakaanza kuzunguka: São Paulo, Barcelona, Nottingham, Beijing na kwingine. Ya 2021 yalisogezwa mpaka 2022 kwa ajili ya Korona, yakafanyika Las Vegas, na ya 2024 pia Las Vegas. Ukitaka ya kila mwaka, yapo ya shirikisho la IBJJF, mashindano ya dunia bila koti, yaliyoanza mwaka 2007. Ila heshima kubwa kuliko zote mtaani inabaki kwa ADCC.

Mabingwa sasa

Wanaume wanagawanywa kwa uzito: chini ya kilo 66, 77, 88, 99, na zaidi ya 99. Halafu kuna ile ninayoipenda mimi, uzito huria, ambapo mwembamba anaweza kupangwa na jitu. Nikiwaandika wote mtalala, nachagua wachache.

Royler Gracie alichukua uzito mdogo mara tatu mfululizo, 1999, 2000 na 2001. Marcelo Garcia wa Brazili, mpole kweli ukimwona, alichukua kilo 77 mara nne: 2003, 2005, 2007 na 2011. Roger Gracie mwaka 2005 alifanya maajabu. Alichukua uzito wake na uzito huria, mapambano nane, na wote nane alimaliza kwa kuwafanya wasalimu amri. Kina dada waliingia 2005, na Kyra Gracie akachukua mwaka huo, 2007 na 2011.

Yule mzungu wa kwenye simu ya mshikaji ni Gordon Ryan, Mmarekani. Alichukua ubingwa 2017, 2019 na 2022, na hiyo 2019 alichukua mara mbili, uzito wake na huria. Mwaka 2022 hiyo hiyo Kade Ruotolo, dogo wa miaka 19, akawa bingwa mdogo kuliko wote waliowahi kutokea, na wapinzani wake wanne wote walisalimu amri. Mwaka 2024 Mwaustralia Adele Fornarino alichukua uzito wa chini ya kilo 55, halafu akaingia uzito huria wa wanawake akachukua na huo.

Na Afrika? Tupo. Mwaka 2001 Mark Robinson wa Afrika Kusini alichukua uzito wa juu, zaidi ya kilo 99. Jamaa alikuwa mcheza sumo. Kwa hiyo msije mkaambiwa Mwafrika hajawahi kukanyaga pale.

Kitu ambacho vijana wetu hawakukiona kwenye klipu

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Klipu inakatwa pale jamaa anapokaba. Sekunde moja baadaye ndiyo yenye maana, na hiyo haionyeshwi. Aliyekabwa anampiga mwenzake vikofi viwili vitatu vya haraka. Hiyo ndiyo kugonga. Maana yake, "Nimekubali, niachie." Na mwenzake anaachia hapo hapo. Kama mkono umebanwa anaweza kusema kwa mdomo au kugonga kwa mguu. Refa yupo karibu, akiona mtu amelegea anaingia mwenyewe.

Nilikuwa nafikiri wanaogonga ni wale wadhaifu. Kumbe! Mwaka 2003 kule São Paulo, Royler Gracie huyo huyo wa ubingwa mara tatu alipangwa na Eddie Bravo, Mmarekani aliyekuwa na mkanda wa kahawia tu. Bravo akamfunga shingo na miguu, mtindo wa pembetatu. Royler akagonga. Mwaka 2007 kwenye fainali ya uzito huria, Marcelo Garcia alikabwa na Robert Drysdale aliyemzidi uzito. Marcelo akagonga. Mwaka 2022 André Galvão, ambaye alishakuwa bingwa wa uzito wake na wa huria 2011, alikabwa kwa nyuma na Gordon Ryan, kabali ile ile aliyopigwa mdogo wangu. Akagonga. Watu walicheka? Hapana. Marcelo aliyegonga 2007 alirudi 2011 akabeba ubingwa tena. Angekaza meno kama dogo wa Mwazye sijui kama tungekuwa tunamtaja leo.

Yaani ubingwa wote huo umejengwa juu ya kitu kimoja: mtu anajua atagonga na ataachiwa. Bila hiyo hakuna mazoezi. Utafanyaje mazoezi kesho kama leo umevunjwa mkono?

Kabali inafanyaje kazi

Nimeielewa hivi. Kwenye shingo, pande zote mbili, kuna mishipa mikubwa ya damu inayopanda kwenye ubongo. Kabali ya kitaalamu haibani koo la hewa, inabana hiyo mishipa. Damu ikipungua kwenye ubongo, mtu anazimia kwa sekunde kama kumi hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Haisikii maumivu makubwa, ndiyo maana ni hatari: unadhani bado una muda kumbe huna. Ukiachia mapema, damu inarudi na mtu anazinduka. Ukiendelea kubana, ubongo unaanza kuharibika, na mtu anakufa. Kwa hiyo dogo hakuzinduka kwa dawa wala kwa maji. Alizinduka kwa sababu aliyemkaba aliogopa akaachia.

Na ile roba ya vibaka ni mbaya zaidi kwa sababu inabana koo lenyewe, inaweza kuvunja vitu vya ndani. Hakuna refa kichochoroni.

Mtu akizimia mbele yako: achia mara moja, mlaze chini, angalia kama anapumua. Usimpe maji mdomoni, usimmwagie. Akishaanza kupumua vizuri mlaze ubavu. Asiporudi haraka, au akirudi anaongea ovyo, shingo inauma, sauti imebadilika, mpelekeni zahanati au kituo cha afya, sio kwa mtaalamu. Asipopumua, hiyo ni dharura, anza kumbana kifua huku mwingine anatafuta usafiri.

Hela je? Na sisi tunaweza?

Najua mnasubiri hapa. Kwa miaka mingi bingwa wa uzito ADCC, wanaume, alipewa dola 10,000, na wa uzito huria dola 40,000. Kwa mtu wa Mwazye ni hela. Kwa mtu anayelipia kocha, daktari na ndege mwaka mzima sio hela. Ndiyo maana Agosti 2024 Craig Jones, Mwaustralia, akaandaa mashindano yake Las Vegas wikiendi ile ile ya ADCC, akaweka dola milioni moja kwa mshindi. Na kila mshiriki, hata anayetolewa raundi ya kwanza, akapewa dola 10,001. Yaani dola moja zaidi ya bingwa wa ADCC! Jamaa ana dharau huyo. Kade Ruotolo na Nick Rodriguez kila mmoja akaondoka na milioni yake.

Kuingia ADCC kuna njia mbili: ualikwe, au ushinde mchujo. Afrika tumewekwa kundi moja na Ulaya na Mashariki ya Kati, na michujo yetu imekuwa ikifanyika Ulaya, Poland kwa mfano. Nauli tu ni mtihani. Akija mtu kijijini anauza fomu za kwenda kushindana Abu Dhabi, mwambie nafasi hainunuliwi, inapiganiwa kwenye mchujo.

Ila msikate tamaa. Kama Maeda alivyokwenda Brazili, Mjapani mwingine, Tsuyoshi Shimaoka, alihamia Zanzibar na kuanzisha judo, vijana wengi wamepita mikononi mwake. Na mwaka 2024 Mtanzania Andrew Thomas Mlugu alicheza judo kwenye Olimpiki ya Paris, kilo 73. Judo ndiyo mama wa jiu-jitsu. Anayejua judo tayari yuko nusu ya safari.

Mimi niliporudi Mwazye niliwakusanya wale vijana, na dogo akiwepo. Sikuwakataza, maana ukikataza watakwenda kuchezea porini. Nimewawekea sheria nne. Shingo haiguswi kabisa kwa aliye chini ya miaka 18. Wanacheza kuangushana tu, kwenye nyasi au mchanga. Anayegonga anaachiwa hapo hapo, na asiyeachia hachezi tena. Na anayemcheka aliyegonga anatoka.

Siku ya kwanza hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugonga. Wakabanana weee, wanahema tu. Mwishoni yule jamaa mkubwa aliyempiga dogo roba ndiye aliyegonga, mkono ulikuwa umebanwa chini ya mwenzake. Alipiga vikofi viwili kwenye nyasi, akaachiwa, akainuka anajifuta vumbi. Hakuna aliyecheka. Dogo ndiye aliyempa mkono.

Haya wadau, nawasilisha. Kama kuna anayefundisha judo au jiu-jitsu Sumbawanga, Mbeya au popote karibu, aandike hapa chini. Na kama kijijini kwenu vijana wanakabana roba, waonyesheni hii kabla hamjachelewa.