Nyasi Hazina Bandari

Kila nikizungumzia Vita vya Kwanza vya Dunia huku kusini, swali ni lile lile: "Kwa nini hawakutangaza tu kwamba hawamo?" Muulizaji huwa ameshajijibu, na hunikumbusha kuwa wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Methali ni nzuri, lakini hapa inapotosha. Nyasi hazina bandari, haziuzi makaa ya mawe wala hazitii saini mikataba. Nchi ina vyote hivyo, na ndivyo vinavyoiingiza vitani.

Tuanze na tangazo, maana ndilo dawa inayosifiwa kuliko zote. Mwaka 1914 Heinrich Schnee, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alikuwa nayo mezani. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliruhusu eneo kubwa la bonde la Kongo, ambalo kwa mipaka yake lilifika Bahari ya Hindi na kuzijumuisha Kilwa na Lindi, liwekwe nje ya vita vya Wazungu. Watu husoma hapo wakafunga kitabu. Wangeendelea wangekuta kwamba ilihitajika ridhaa ya pande zote mbili zinazopigana. Nani aliridhia? Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza, Astraea, ilishambulia mnara wa simu ya upepo Dar es Salaam. Mapatano ya kuunusuru mji yakafanywa, London ikayakataa. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Schnee mwenyewe, naye hakutaka kusikia habari ya kukaa kando. Alitaka Waingereza wahangaike huku ili wapungukiwe kule Ulaya. Kongo ya Ubelgiji nayo ilijaribu kujitenga, hadi tarehe 22 Agosti meli ya Wajerumani iliposhambulia Lukuga, Ziwa Tanganyika. Mjadala ukaishia hapo.

Wengine huniambia: basi bendera. Hao nawapeleka hapa hapa Lindi. Oktoba 1914 Waingereza walikuwa wakiisaka manowari ya Kijerumani, Königsberg. Boti za manowari Chatham zilipanda mto Lukuledi na kuikuta meli ya Kijerumani, Präsident, ikipeperusha bendera ya msalaba mwekundu. Wakaambiwa ni meli ya hospitali. Lakini sheria inataka jina la meli ya namna hiyo lipelekwe kwa adui mapema, na jina hilo halikupelekwa. Ndani zilipatikana nyaraka zilizoonyesha kwamba ilikuwa ikiipelekea Königsberg makaa ya mawe. Kabla mwezi haujaisha, Königsberg ilionekana ilikojificha, kwenye delta ya Rufiji. Msalaba mlingotini haukuzuia lolote, kwa sababu adui hakuitazama bendera. Alitazama makaa yanakwenda wapi.

Najua utasema Lindi ilikuwa koloni la nchi iliyokwisha kuingia vitani. Sawa. Vuka Ruvuma basi, uingie Msumbiji, uitazame mtawala wake wa wakati huo, Ureno, ambayo mwaka 1914 haikuwa imetangaza vita na Ujerumani. Mwezi Agosti huo huo kituo chake cha Maziúa, kando ya mto, kilishambuliwa na Wajerumani. Ureno haikuingia vitani kwa hilo. Iliingia kwa sababu ya meli. Meli za Kijerumani zilikuwa zimejibanza Lisbon, na Uingereza, rafiki wa Ureno tangu karne ya 14, ilikuwa na njaa ya vyombo vya kubebea mizigo. Februari 1916 Ureno ikazikamata kwa ombi la Uingereza. Tarehe 9 Machi Ujerumani ikatangaza vita. Na tusiwafanye Wareno watoto waliokokotwa: Lisbon walikuwamo wanasiasa walioitaka vita hiyo, wakitumaini kuyalinda makoloni yao.

Mwezi uliofuata Wareno wakaichukua Kionga, kipande cha Wajerumani kusini mwa Ruvuma. Baadaye mwaka huo wakavuka Ruvuma hadi Newala, wakatimuliwa. Oktoba 1917 Lettow-Vorbeck akapigana na Waingereza Mahiwa, nyuma ya mji wa Lindi, siku nne za kuchinjana. Akiwa hana chakula wala risasi za kutosha, tarehe 25 Novemba akavuka mto na kuivamia kambi ya Wareno Ngomano. Alitoka na bunduki zao, risasi zao na chakula chao. Vijiji vya kingo zote mbili, ambavyo havikuulizwa na Lisbon wala Berlin, ndivyo vilivyotoa wapagazi na nafaka.

Kwa hiyo nchi isiyotaka kuvutwa ifanye nini? Yako mambo, na si siri. Mikataba ya Hague ya 1907 inayataja: manowari ya mpiganaji isilale bandarini kwako zaidi ya saa 24, isipokuwa kwa sababu kama hitilafu au dhoruba; ikishajaza mafuta, isijaze tena kwako hadi miezi mitatu ipite; askari wakivuka mpaka, wanyang'anye silaha na uwazuilie. Ongeza haya: mizigo yote ikaguliwe, usipendelee upande, usikodishe kiwanja cha ndege, weka akiba ya mafuta na ngano, zungumza na pande zote mbili kabla hujahitaji kuziomba, na uwe na boti za doria zinazotembea kweli.

Mkoa wa Lindi leo una gesi, kisiwani Songo Songo. Ni nishati, kama yalivyokuwa makaa ya Präsident. Kwa hiyo ukinikuta tena usiniulize kama tutatangaza. Niulize nani anapakia nini gatini, kinakwenda wapi, na nani amekikagua.