Je, Wajua? Msitu Uliopandwa kwa Mkono

Je, wajua kwamba ule "msitu" unaokupokea ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Uru, Kibosho au Marangu umepandwa na watu? Hivyo ni vihamba, mashamba ya Wachagga wa Mlima Kilimanjaro. Juu husimama miti mikubwa kama mringaringa na mruka, chini yake migomba, kwenye kivuli cha migomba kahawa, na ardhini kabisa magimbi na maharage. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima.

Je, wajua kwamba mazao mengi ya kihamba ni wageni? Mgomba na magimbi asili yake ni Asia. Mahindi na maharage yalivuka bahari kutoka Amerika. Kahawa ya arabika, ambayo kwao ni misitu ya Ethiopia, ililetwa na mapadre wa Roho Mtakatifu katika misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19.

Je, wajua kwamba mgomba wa ndizi tunazokula hauzai mbegu ya kupandwa? Unachimbua chipukizi, unalihamishia shimo jingine, na huo ni mgomba uleule wa bibi yako umeanza upya. Watu wengi wakisikia habari za kuzalisha mimea inayofanana na mama yake hufikiria maabara. Wachagga wamefanya hivyo kwa jembe kwa karne nyingi. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye makao Lyamungo, huzalisha miche ya aina mpya za kahawa kwa vikonyo kwa kanuni hiyohiyo. Aina hizo zinastahimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa yaliyomlazimu mkulima kununua dawa ya mrututu na kupulizia msimu hadi msimu. Kwangu mimi, hiyo ndiyo teknolojia inayomfaa mwenye kihamba: inampunguzia gharama bila kumng'olea migomba.

Lakini kazi inayonishangaza kuliko zote ni mfongo, mfereji wa jadi wa kumwagilia kihamba. Mito ya Kilimanjaro hupita ndani ya makorongo marefu, mashamba yako juu mgongoni. Wazee wakapanda mtoni mbali sana, mahali ambapo maji bado yako juu kuliko shamba, wakayageuza na kuyaongoza taratibu ubavuni mwa mlima hadi kihambani. Hapakuwa na pampu wala kipimo cha fundi. Jicho na mteremko vilitosha. Usiku maji yalijaa kwenye bwawa dogo liitwalo nduwa, asubuhi yakafunguliwa. Ukoo uliochimba mfongo ndio uliousimamia, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Aliyekwepa siku ya kuuzibua alijua kwamba zamu yake iko hatarini.

Je, wajua yaliyotokea tambarare, chini ya mlima huo? Mwaka 1987 ulikamilika mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani: mifereji ya zege, mageti ya chuma, na takriban hekta 1,100 za mpunga kwa maji ya Mto Rau na chemchemi za Njoro. Mavuno yalipanda sana. Majirani walioko juu ya mabanio wakaona faida, nao wakafungua majaruba yao, na maji yakaanza kuwapungukia wa chini. Zege ilikuwa imara. Kilichokosekana ni makubaliano kati ya wa juu na wa chini. Wakulima wakawa na chama chao, CHAWAMPU, na kazi yake mojawapo ni ileile ya wazee wa mfongo: kupanga zamu ya maji.