Kumfariji Mwanamke Mwenye Saratani ya Matiti: Funzo Kutoka Kikuubo



Walimu na wanafunzi wengi wa Kiswahili hapa Kampala wanaijua Kikuubo. Ni ule mtaa mwembamba wa maduka ya jumla, karibu na stendi ya zamani ya teksi, ambako sabuni, sukari, mchele na madaftari huuzwa kwa katoni na kwa magunia. Jina lenyewe katika Kiganda lina maana ya kichochoro. Wapagazi hupita na mizigo wakipiga kelele wapishwe, na wateja hutoka Kongo, Sudan Kusini, Rwanda na kwingineko. Kwa sababu hiyo Kikuubo ni mahali pazuri pa kukisikia Kiswahili cha biashara, nasi tumewahi kuwapeleka wanafunzi wetu huko kwa mazoezi ya mazungumzo.

Katika mojawapo ya ziara hizo, mama mmoja ambaye huwa tunanunua madaftari kwake alituita pembeni. Aliacha Kiganda, akashusha sauti, akatuambia kwa Kiswahili, ili jirani wa duka la pili asifuate mazungumzo, kwamba amepimwa na kukutwa na saratani ya titi. Tulimpa pole, kisha tukamtolea methali iliyokuwa karibu na ulimi: baada ya dhiki faraja. Alitutazama kidogo.

"Hiyo naijua, Mwalimu," alisema. "Mimi nauliza nani atakaa dukani Jumanne."

Jumanne ndiyo siku aliyopangiwa kuanza dawa. Jibu lake lilitufundisha jambo ambalo makala haya yanakusudia kulieleza: kwamba faraja ya mgonjwa ina pande nyingi, na kwamba neno zuri lisiloandamana na tendo humwacha mgonjwa pale pale alipokuwa.

Maumivu yenye pande nne

Mwaka 1967 daktari Mwingereza, Cicely Saunders, alifungua hospitali ya St Christopher's jijini London kwa ajili ya wagonjwa wasioweza tena kupona. Yeye ndiye aliyeeleza kuwa maumivu ya mgonjwa wa saratani hayako mwilini tu. Kuna maumivu ya mwili, ya moyo, ya maisha ya kijamii pamoja na fedha, na ya roho, yaani maswali kama "kwa nini mimi?" na "nimemkosea nini Mungu?" Pande hizi hushikana. Asiyelala kwa hofu huumia zaidi mwilini, na anayewaza karo ya watoto husahau hata saa ya kumeza dawa.

Fikra hiyo ilifika Uganda mapema. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha shirika la Hospice Africa Uganda, ambalo makao yake yako Makindye hapa Kampala. Shirika hilo lilieneza matumizi ya morfini ya maji, ambayo mgonjwa huinywa nyumbani, na mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Huduma ya namna hii huitwa kwa Kiswahili tiba shufaa. Inafaa ikumbukwe kuwa tiba shufaa si ya mtu anayekata roho peke yake. Mgonjwa anayetarajiwa kupona naye huihitaji tangu siku anapoambiwa ugonjwa wake.

Mama wa Kikuubo, kwa mfano, alikuwa na pande zote nne. Mkono ulimuuma. Aliogopa kifo. Duka lilikuwa na mali ya mkopo. Tena usiku alijiuliza ni nani aliyemroga. Sisi tulimjibu upande mmoja tu, na kwa methali.

Kutoka Kikuubo hadi Mulago

Kutoka Kikuubo hadi Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza kazi mwaka 1967 katika kilima cha Mulago, ni safari fupi ya bodaboda. Hata hivyo, kwa wanawake wengi safari hiyo huchukua miezi, na wengi hufika ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Ukosefu wa nauli na fedha za vipimo ni sababu mojawapo. Kuanzia kwa mganga ni nyingine. Lakini ipo hofu pia: hofu ya kukatwa titi, ya kuachwa na mume, na ya kupoteza wateja watakapojua. Mchuuzi akifunga duka siku tatu, mteja wa Kongo huhamia duka la jirani, na pengine harudi.

Matibabu yenyewe ni marefu. Dawa za kuua seli za saratani mara nyingi hutolewa kwa mizunguko ya wiki tatu tatu kwa miezi kadhaa. Nywele huanza kunyonyoka wiki mbili au tatu baada ya dozi ya kwanza, mwili huchoka, na kinga hushuka, kwa hiyo msongamano kama wa Kikuubo huwa na hatari. Mgonjwa akipata homa katika siku hizo anatakiwa kwenda hospitali mara moja, asingoje kesho. Aliyepasuliwa na kuondolewa tezi za kwapani anaweza kuvimba mkono wa upande ule, hivyo asirudie kuinua katoni ghafla, bali afanye mazoezi taratibu kwa maelekezo ya mtaalamu. Wengine humeza kidonge kila siku kwa miaka 5 au zaidi.

Ni dhahiri basi kwamba kumshikia mtu duka siku ya dawa ni sehemu ya matibabu. Waganda wana vikundi vya kusaidiana viitwavyo munno mukabi, maana yake rafiki wakati wa shida. Waswahili nao husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Vikundi hivi tunaviona zaidi kwenye misiba: fedha huchangwa, masufuria huletwa, chakula hupikwa. Kwa nini mchango huo usitolewe mapema, mwenyewe akiwa hai na anauhitaji kwa nauli na vipimo?

Maneno yanayofariji na maneno yanayoumiza

Hapa ndipo kazi yetu sisi watu wa lugha inapoanza. Waganda wengi walikisikia Kiswahili kwanza kwa askari, kama lugha ya amri. Mwanafunzi huja darasani akijua "kaa chini" na "toka hapa", lakini hajui "ugua pole". Tukimfundisha ngeli na nyakati pekee, atafaulu mtihani, kisha atakwama kando ya kitanda cha mgonjwa.

Neno la kwanza ni pole. Halidai maelezo, wala halimlazimishi mgonjwa kujieleza. Mgonjwa huambiwa "ugua pole", naye hujibu "nimeshapoa" au "ahsante". Mwanafunzi aangalie asichanganye na "makiwa", ambalo huambiwa waliofiwa. Kumwambia mgonjwa makiwa ni kumzika angali hai.

Pili, tuchague methali kwa uangalifu. "Mficha maradhi kifo humuumbua" yafaa redioni, kuwahimiza watu wakapimwe mapema. Lakini ukimwambia mwanamke aliyekwisha kuchelewa, umemhukumu. Hali kadhalika "jipe moyo" na "usilie" huonekana maneno mema, lakini mara nyingi humfunga mdomo. Afadhali kusema, "Lia tu mama, mimi nipo." Na badala ya "ukihitaji kitu niambie", ambayo humpa mgonjwa kazi ya kuomba, taja tendo na siku: "Jumanne nitawachukua watoto shuleni."

Tatu, tuache kumuuliza mtu alifanya nini hata akaugua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa karibu nusu ya saratani za matiti huwapata wanawake wasio na sababu yoyote ya hatari inayojulikana zaidi ya jinsia na umri. Shirika hilo lilikadiria kuwa mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu. Wanaume nao huupata, ingawa ni wachache sana. Aidha, hauambukizi. Mama yule alituambia kuwa baadhi ya majirani waliacha kupokea chenji mkononi mwake, wakamwambia aiweke juu ya meza. Hilo, alisema, lilimuuma kuliko sindano.

Mwisho, huzuni ikizidi, mgonjwa akakosa usingizi kwa wiki kadhaa, akakataa kula au akasema hana haja ya kuishi, huo si udhaifu wa imani. Ni hali inayotibika, na daktari au mshauri nasaha aelezwe upesi.

Istilahi na kazi ya mkalimani

Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili nchini Uganda, na wagonjwa kutoka Kongo na nchi nyingine jirani hufika Mulago wakikitegemea. Wanafunzi wetu huombwa kukalimani. Kwa hiyo wajue kwanza majina. Saratani ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kaa, yule mnyama wa baharini. Wagiriki na Walatini nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa. Watu wengi mitaani husema kansa, na Waganda husema kookolo. Yote yanafaa, mradi mgonjwa anaelewa.

Kosa tunalolisikia mara kwa mara ni la tasfida. Mwanafunzi huona haya kutamka "titi", akasema "ana ugonjwa wa kifua". Kwa Mswahili, mwenye kifua ni mwenye kikohozi, na kifua kikuu ni ugonjwa mwingine kabisa. Haya ya mkalimani yaweza kumpeleka mgonjwa mlango usio wake. Aseme titi, chuchu, kwapa, uvimbe, kwa sauti ya heshima. Pia asilainishe maneno ya daktari wala asiyaongezee chumvi. Na ikiwezekana mgonjwa mwanamke atafutiwe mkalimani mwanamke. Mtoto asifanywe mkalimani wa ugonjwa wa mama yake, kwani ataubeba mzigo usiolingana na umri wake.

Kitanda usichokilalia

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 1952 Terese Lasser, Mmarekani aliyekuwa amepasuliwa titi, alianza kuwatembelea wanawake wengine waliopasuliwa ili kuwaonyesha kwamba maisha yanaendelea. Hapa Uganda, mwaka 2004, wanawake waliougua saratani ya matiti walianzisha shirika lao, UWOCASO, kwa ajili ya kusaidiana na kuelimisha umma. Mtu wa namna hii akimwambia mgonjwa "nywele zitaota tena", anavua kitambaa na kuonyesha nywele zake. Sisi hatuna hoja ya kushinda hiyo. Wajibu wetu ni kumuunganisha mgonjwa na wenzake, kisha kukaa pembeni.

Hitimisho

Jumanne ile duka halikufungwa. Jirani yule yule wa duka la pili, ambaye mama alikuwa akimficha habari, ndiye aliyelishika. Mama aliamua kumwambia mwenyewe, na ilitokea kuwa dada wa jirani huyo aliwahi kuugua ugonjwa huo huo. Hadi tunapoandika makala haya mama anaendelea na dawa, nasi tunaendelea kununua madaftari kwake, na chenji tunaipokea mkononi.

Tunapendekeza walimu watenge kipindi kimoja kila muhula kwa ajili ya mazungumzo ya kumjulia hali mgonjwa: salamu, pole, kuuliza bila kudodosa, kuahidi jambo dogo na kulitimiza. Nanyi wanafunzi, mkifika kwa mgonjwa, kaeni kwanza. Msikilizeni. Halafu mumuulize Jumanne yake ni siku gani.