Mbiu Isiyo na Jambo

Ndugu wanachama, wazee wetu na vijana wetu,

Wazee wametuachia neno kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Zamani pembe ikipulizwa, mwenye jembe aliliweka chini, na aliyekuwa juu ya mkarafuu alishuka, kwani kila mtu alijua kuwa pembe haipulizwi kwa mchezo: ama pana moto, ama pana maiti, ama watu wanaitwa kwa shauri. Leo kila mmoja wetu anayo pembe yake mfukoni, nayo inalia mchana kutwa, lakini jambo halina. Ndiyo khabari ninayotaka kusema nanyi katika toleo hili, na nitaanza kwa kujishtaki mwenyewe.

Msimu uliopita nilikuwa na majamvi matano ya karafuu uani, siku yake ya tatu juani. Asubuhi hiyo nilikwenda mjini kwa kazi za chama. Mke wangu alikuwa amekwenda mazishini, na nyumbani alibaki ami yangu, mtu mzima ambaye mgongo wake haumruhusu tena kunyanyua kitu kizito. Kabla ya adhuhuri simu yangu ilikwisha lia mara 11. Moja yaniambia viatu vimeshuka bei. Nyingine yaniambia ati nimechaguliwa kupewa mkopo wa papo kwa papo. Ya tatu yalalamika kuwa nimeisahau, kwa kuwa sikuifungua tangu juzi. Nyingine yanishawishi kubahatisha matokeo ya mpira, mimi ambaye sijapata kucheza kamari maishani mwangu. Kila ikilia naitoa mfukoni, kwani huenda ni mtu. Mwisho nikaghadhibika, nikaizima sauti yote, nikaitia mkobani.

Mvua ilianguka baada ya adhuhuri. Ami alinipigia mara 4. Lau ningaliisikia hata moja, ningaliwapigia vijana wa jirani, nao wangaliyaingiza majamvi yote ndani kwa muda mfupi. Sikuisikia. Majamvi mawili ami aliyaburura mwenyewe mpaka barazani, na matatu yalirowa. Karafuu zile tulizianika tena, lakini nyinyi mnajua kama nijuavyo mimi: karafuu iliyokwisha kuanza kukauka kisha ikarowa hairudi rangi yake, wala kwenye mizani haipati daraja ya wenziwe.

Nilipofika jioni ami hakunigombeza. Aliniambia haya tu: "Mwanangu, simu hii ina faida gani, ikiwa anayekuuzia viatu unamsikia na mimi hunisikii?" Nikamwomba radhi, lakini jawabu sikuwa nayo. Tangu siku ile nimeitafuta jawabu hiyo, na nimeona si vyema kuiweka peke yangu.

Kwanza yapasa tujue mbiu hii inapulizwa na nani. Vijijumbe hivi huitwa arifa. Unapoiweka programu katika simu janja na ukaikubalia kukuarifu, simu yako hupewa alama yake ya pekee, mfano wa nambari ya sanduku la posta. Mwenye programu huipeleka arifa kwenye mitambo ya kampuni iliyotengeneza mfumo wa simu, na mitambo hiyo huirusha mpaka mkononi mwako. Apple walifungua njia hii kwa simu zao mwaka 2009, na Google wakafuata kwa simu za Android mwaka 2010. Ndiyo sababu kuifunga programu hakuizuii kukuita. Yenyewe imelala, lakini njia yake i wazi usiku na mchana.

La pili ni bei. Mwenye duka akitaka tangazo lake litoke gazetini hulipa, akitaka lisomwe redioni hulipa, na akituma ujumbe mfupi wa simu kwa watu elfu huhesabiwa mmoja mmoja. Lakini kurusha arifa kwa watu elfu, au kwa watu laki, karibu hakumgharimu kitu. Na jambo lisilomgharimu mpulizaji hupulizwa bila ya kiasi. Gharama yake twailipa sisi, kwa masikio yetu na kwa kazi zetu.

Mwaka 2014 wataalamu wa kampuni ya simu ya Telefónica, huko Hispania, walitoa khabari za watu 15 waliowafuatia kwa muda wa wiki moja. Waliona kila mtu hupata arifa kama 63 kwa siku. Nyingi katika hizo zilitoka kwa watu, yaani ujumbe na barua, na hapo ndipo penye taabu: tangazo la viatu na khabari ya mgonjwa hupita mlango mmoja, na hubisha hodi kwa sauti moja. Mwaka 2017 khabari nyingine ikatolewa, ya watu 30 waliokaa siku nzima bila ya arifa hata moja. Walisema kazi zao zilikwenda vizuri zaidi na akili zao zilitulia. Lakini kadhalika walisema walikuwa na wasiwasi, wakichelea kupitwa na jambo la maana, na kwamba jamaa zao wangedhani wamewapuuza. Mimi nikisoma hayo nilimkumbuka ami yangu na majamvi yake.

Basi tujitazame sisi wenyewe. Wako miongoni mwetu wanaofuta kila arifa kwa kidole bila ya kuisoma. Hao huona wamepumzika, lakini kidole kikizoea kufuta hakichagui, na siku moja hufuta khabari ya benki au wito wa mkutano. Wako wanaofungua kila kinacholia, na wengine wamenunua vitu ambavyo hawakuwa na haja navyo, au wamechukua mkopo ambao sasa unawakosesha usingizi. Wako wanaoing'oa programu yote kwa hasira. Hilo si baya ikiwa haina faida. Lakini akiing'oa ile anayopokelea fedha zake, amejikata mkono mwenyewe. Na wako waliofanya kama mimi, wakaiziba pembe moja kwa moja, na mvua ikawakuta. Sote tumeudhika kwa haki, lakini dawa tulizotumia zimetuumiza sisi, si aliyetuudhi.

Dawa yenyewe ni kuchagua, kama tunavyochambua karafuu na makonyo: hatutupi vyote kwa kuwa vimechanganyika. Arifa ya tangazo ikikujia, usiifute wala usiifungue. Ibonyeze kwa kidole uishikilie kidogo, na simu nyingi zitakuonyesha pale pale pa kuinyamazisha au kuizima. Ikiwa hukupaona, ingia katika Mipangilio, kisha Arifa, na hapo utaziona programu zako zote moja moja. Tangu Android ya 8, iliyotoka mwaka 2017, programu moja yaweza kuzigawa arifa zake mafungu, matangazo mbali na khabari za fedha mbali, na wewe ukalizima fungu moja ukaliacha jingine. Tangu Android ya 13, ya mwaka 2022, programu mpya hailii mpaka ikuombe ruhusa kwanza, na simu za Apple nazo huuliza. Illa wengi wetu hubonyeza "Ruhusu" kwa mazoea, kama mtu anayetia saini karatasi asiyoisoma. Tuache mazoea hayo.

Na ukitaka utulivu wakati wa kazi au wa kulala, ipo sehemu iitwayo Usinisumbue. Hiyo huinyamazisha simu, lakini yakubali uweke majina ya watu ambao simu zao zitalia vivyo hivyo. Laiti ningaliijua siku ile.

Wala msione haya kukataa, kwani haki hiyo ni yenu. Apple kwa kanuni zao waliwakataza wenye programu kutumia arifa kwa matangazo, na mwaka 2020 walipolegeza, walishurutisha kwamba mwenye simu lazima akubali kwanza na apewe njia ya kujitoa. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zisitumiwe kumtangazia biashara.

Sasa nakuja katika jambo la chama chetu. Mwezi uliopita mfanyabiashara mmoja wa magunia na majamvi ametuomba tumpe nambari za simu za wanachama wote, na kwa ajili hiyo atakipa chama kitu kidogo. Ni mtu mwema na bidhaa zake ni nzuri, na mfuko wetu, kama mjuavyo, si mzito. Wamo katika kamati wanaoona tukubali. Mimi nimesema tusikubali, na sababu yangu ni hii: siku katibu atakapowatumia khabari kwamba mawingu yamekusanyika, au siku ya kupima imebadilishwa, nataka kila mwanachama aitazame simu yake kwa kujua kuwa pana jambo. Imani hiyo tukiiuza mara moja, hatutaweza kuinunua tena. Shauri hili litaletwa mbele yenu katika mkutano mkuu, nanyi ndio wenye kukata.

Siku hiyo hiyo njooni na simu zenu. Vijana wawili wa skuli watakaa barazani baada ya mkutano kumsaidia kila mzee kuzichambua arifa zake, bila ya malipo.

Ama mimi, jina la ami nimeliweka la kwanza katika wale ambao simu zao hazizuiliwi. Juzi alinipigia nikiwa juu ya mkarafuu, nikashuka mbio na pishi yangu. Alitaka kujua kama nitarudi kula chakula cha mchana. Sikuudhika hata kidogo.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama