Magari ya Jeshi la Iraq Yalivyogeuzwa Silaha na Waasi

Kundi la Dola ya Kiislamu lilipouteka mji wa Mosul, Juni 2014, wanajeshi wa Iraq waliokimbia waliacha maghala ya silaha na magari ya deraya yaliyotengenezwa Marekani. Mwaka 2015, Waziri Mkuu wa wakati huo, Haider al-Abadi, alieleza kuwa magari 2,300 aina ya Humvee yalipotea mjini humo.

Waasi waliyajaza baadhi ya magari hayo vilipuzi na kuyaelekeza kwenye ngome za jeshi. Kwa kuwa mabamba yake ya chuma huzuia risasi za bunduki, zilihitajika silaha za kupambana na vifaru ili kuyasimamisha kabla ya kulipuka.

Hivyo, kulinda maghala, na kuharibu zana zisizoweza kuondolewa jeshi linaporudi nyuma, ni kulinda maisha ya askari na raia.