Mpini wa Kizibo Ukikuharibikia

Anayejitengenezea fimbo ya kuvulia kwa mara ya kwanza huhangaikia vishimo vinavyoonekana juu ya mpini wa kizibo. Hivyo vina dawa. Kosa la kuogopwa liko ndani, kizibo kinapokutana na ufito wa fimbo, na halionekani mpaka fimbo iingie kazini.

Mpini huundwa kwa pete za kizibo, kila moja unene wa milimita 13 hivi, zenye tundu dogo katikati. Zikishagandishwa, tundu hupanuliwa. Sasa ufito ni mnene chini na mwembamba kuelekea nchani, na mpini huvishwa kutokea nchani. Atakayelipitisha keekee moja kwa moja atapata tundu lililo sawa mwanzo hadi mwisho: chini linabana, juu linapwaya. Gundi italificha pengo hilo kwa muda, kisha siku moja mpini utaanza kulia kila ukirusha chambo.

Bandika ukanda wa msasa kwenye kipande cha ufito mbovu wenye mteremko kama huohuo, ukizungushe ndani taratibu huku ukijaribisha bila gundi. Usitafute kubana sana. Mpini unaoingia kwa kusukumwa huikwangua gundi yote njiani ukabaki mkavu ndani. Na kama tundu limeshapita kiasi, zungushia ufito utepe wa karatasi wa mafundi rangi, vikanda vyembamba vyenye nafasi kati yake, halafu ujaze nafasi hizo kwa epoksi. Ukiufunika ufito wote kwa utepe, gundi itashika utepe, haitashika fimbo.

Kosa la pili kwa uzito ni matuta. Epoksi ikikauka huwa ngumu kuliko kizibo, hivyo msasa unaoshikwa kwa vidole hula kizibo na kuacha mistari ya gundi imesimama. Kiganja huisikia upesi kuliko jicho. Ukiendelea kusugua vivyo hivyo unazidi kuchimba. Funga msasa kwenye kibao bapa, ulale juu ya pete kadhaa kwa pamoja, uguse tuta lenyewe. Safari nyingine paka gundi ya mbao isiyoogopa maji, tabaka jembamba, kisha kaza pete kwenye nondo yenye nati mpaka zikutane.

Vishimo ni matundu ya kupumulia ya gome. Mwaloni wa kizibo, ambao Ureno hutoa karibu nusu ya mazao yake duniani, huambuliwa mara ya kwanza ukiwa na miaka 25 hivi, kisha kila baada ya miaka 9 au zaidi, na gome la kufaa kwa kazi nzuri huanza kupatikana mara ya tatu. Pete safi haziwezi kuwa rahisi. Weka vumbi la msasa wako mwenyewe, lichanganye na gundi ya mbao kidogo sana, ushindilie vishimoni lipite usawa kidogo kwa sababu litanywea. Gundi ikizidi utapata madoa meusi magumu. Vishimo vidogo mimi naviacha. Havimsumbui mvuvi wala samaki.

Mbonyeo haujazwi. Chembe za kizibo ni vijumba vilivyofungwa vyenye hewa, vilevile alivyoviona Robert Hooke kwa hadubini na kuvichapisha mwaka 1665, vikibonyea havijapasuka. Weka kitambaa chenye unyevu, gusa kwa pasi ya moto sekunde chache, mvuke utaviinua. Kipande kilichomeguka ni habari nyingine: kata pete yote, pasua mpya vipande viwili, vigandishe kuuzunguka ufito, ufunge kwa mpira mpaka vikauke.

Mpini uliokauka umepinda usiupashe moto. Joto la kulainisha epoksi linaweza kulainisha pia utomvu unaoshikanisha nyuzi za kaboni za ufito. Chonga kizibo kwa urefu, kisu kikielekea nje, ukibakiza tabaka la milimita 2 hivi; lililobaki kwangua kwa ubao mgumu au msasa laini. Mkwaruzo mmoja wa kisu kwenye kaboni ndipo fimbo itakapokatikia, na ufito ni ghali kuliko pete zote ulizozitupa.