Maji Yakipanda Rufiji

Wateja wangu wa Mbagala huniambia nimebahatika: nakaa kijiji kimya, samaki mlangoni, tembo jirani. Kimya kipo, sikatai. Hakuna baa wala honi za bodaboda usiku. Lakini kazi yangu ni kubanika samaki, kaskazini mwa Mto Rufiji, kati ya Ikwiriri na Mloka, na ninachoweza kuwaambia ni kwamba huku kila mmoja, mtu na mnyama, anapangiwa ratiba na maji.

Maji yenyewe hayatoki kwetu. Mito ya Kilombero na Luwegu hukutana huko juu, Ruaha Mkuu nao huongezea, kisha maji yote hutushukia. Ndiyo maana mto huweza kupanda siku ambayo juu ya kijiji hakuna hata wingu. Wakati wa masika, hasa Aprili, maji huvunja kingo, hutapakaa bondeni na kujaza maziwa yetu, kama Zumbi na Ruwe. Mgeni huona maafa. Mvuvi huona samaki wa mwakani. Kambale na perege huingia na maji hayo, huzaliana kwenye majani yaliyofunikwa, na vifaranga hukulia humo mbali na mkondo. Maji yakiondoka, wengi hubaki maziwani, nao ndio tunaovua hadi kiangazi. Mto usipofurika miaka miwili mitatu mfululizo, ziwa husinyaa na perege wanaoletwa kwangu wanakuwa wa kiganja, wa kujaza kikapu tu.

Alasiri mitumbwi inapofika, vijana huniita kutoka majini: “Shikamoo mama, leo kuna kitoga!” Naitikia marahaba huku nikichungulia mtumbwini, maana kitoga anayesifiwa hivyo mara nyingi ni mmoja. Kambale mkubwa nampasua mgongoni. Mdogo namkunja duara, mkia hadi kichwani, nikamchoma kijiti asifunguke. Wote huenda juu ya chanja, moto mdogo chini yake. Ukiukoleza, samaki anaungua nje na kuoza ndani, na mnunuzi wa Mbagala atakurudishia.

Maji yakishuka, ardhi iliyobaki na unyevu tunailima tena: mahindi, kunde, maboga. Kilimo hicho tunakiita mlau, wala hakingoji mvua. Mwaka 1968, baada ya mafuriko makubwa, watu wa bondeni walihamishwa kwenda vijiji vya juu. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Nia ilikuwa kuwaokoa, ila kule juu ni mchanga, haushibishi mtu. Kwa hiyo nyumba zikabaki juu, mashamba yakabaki chini, na mpaka leo msimu wa mpunga familia nzima huhamia shambani na kulala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo.

Dungu ni la kulindia mpunga, na adui mkubwa ni nguruwe pori. Huku wengi wetu ni Waislamu, nguruwe hatumli, basi hana wa kumwinda, na yeye analijua hilo kuliko sheikh! Simba humfuata nguruwe, na akimkosa hukuta mtu amelala kwenye kibanda kisicho na ukuta. Mwaka 2005 watafiti walichapisha hesabu: Tanzania nzima, kuanzia 1990 hadi 2004, simba waliua watu zaidi ya 560, na wengi wa waliovamiwa mashambani walikuwa wakilinda mazao dhidi ya nguruwe hao. Rufiji tulikuwa na simba wetu, aliyetutia hofu kwa miezi mingi hadi alipouawa Aprili 2004. Alikutwa na jino bovu. Tangu hapo kwangu hakuna anayelala kwenye dungu lisilozungushiwa miti.

Mamba na kiboko wana kanuni zao. Maji tunachota ndani ya wigo wa miti mtoni, au kwa ndoo iliyofungwa kwenye mti mrefu. Kiboko hutoka jioni kwenda malishoni na hurudi alfajiri. Njia yake inajulikana, na mtumbwi haukai kati yake na mto. Watalii wanaoelekea lango la Mtemere, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, hulipa kuwaona wanyama hawa. Sisi tunawalipa kwa mpunga.

Sasa kuna jambo jipya. Bwawa la Julius Nyerere, mtoni huko juu yetu, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mitambo yake ni ya megawati 2,115. Umeme nautaka, barafu ya samaki si mchezo. Mafuriko kama ya Aprili 2024, yaliyomeza mashamba na nyumba, siyataki. Lakini mto usiofurika kabisa siutaki pia, kwa sababu Zumbi hailishwi na nyaya. Ninachotamani ni mafuriko ya kiasi, kwa msimu wake, na taarifa mapema. Zamani kabla ya kununua kuni na chumvi niliulizia mvua za Kilombero. Siku hizi nampigia kwanza mpwa wangu aliye Mloka, anieleze maji yanayotoka bwawani yakoje.